Emmy Noether: Mwalimu asiyelipwa ambaye hisabati yake ilifika hadi Ukambani

UKIWATAJIA wazee wa Kitui neno Mjerumani, yamkini wa kwanza watakayemkumbuka ni Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyekaribishwa na Kivoi, mfanyabiashara na kiongozi aliyevuma kote Ukambani. Ni akiwa Kitui, mnamo Desemba 3, 1849, ambapo Krapf aliuona Mlima Kenya na theluji yake. Mnamo 1851 Kivoi aliuawa katika uvamizi walipokuwa safarini kuelekea Mto Tana, naye Krapf akaponea chupuchupu.

Krapf alifariki mwishoni mwa 1881. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa London mwaka uliofuata, 1882. Na ni mwaka huo huo, Machi 23, ambapo katika mji wa Erlangen, jimboni Bavaria, alizaliwa mtoto wa kike aliyepewa jina Amalie Emmy Noether. Huyu hakuja Ukambani wala hakuandika lolote kuhusu Ukambani. Hata hivyo, yeyote aliyeketi darasani Mbooni, Kilungu, Mutomo au Mwingi katika miaka ya sabini, akaambiwa achore duara, aweke ndani yake mbuzi watatu na kuliita duara hilo "seti", alikuwa akila makombo ya karamu ambayo mwanamke huyo alikuwa miongoni mwa wapishi wake wakuu.

Kinachonifanya nimkumbuke ni mjadala uliozuka nchini kuhusu Sekondari Pevu. Katika mapendekezo ya awali, hisabati haikuwa somo la lazima kwa kila mwanafunzi wa ngazi hiyo. Wazazi na walimu walilalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kwamba kila mwanafunzi angeisoma: wa mkondo wa sayansi wasome hisabati kamili, na wa mikondo mingine wasome ile nyepesi, inayolenga mahitaji ya maisha ya kila siku. Maana yake ni kwamba mtoto wa miaka 14 au 15 huko Kibwezi au Mutitu anatakiwa kuamua, au kuamuliwa, ikiwa hisabati kamili ni yake au ni ya wengine. Swali hilo hilo, la hisabati ni ya nani, lilimwandama Noether tangu ujana wake hadi uzeeni, ijapokuwa kusema kweli uzee wenyewe hakuufikia.

Alizaliwa katika familia ya Kiyahudi iliyojiweza. Baba yake, Max Noether, alikuwa profesa wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Erlangen. Binti alilelewa kama mabinti wengine wa tabaka lake: upishi, usafi wa nyumba, piano na dansi. Mnamo 1900, akiwa na umri wa miaka 18, alifaulu mtihani uliomruhusu kufunza Kifaransa na Kiingereza katika shule za wasichana. Kazi ilikuwa mkononi, ya heshima na inayofaa mwanamke kwa jinsi watu walivyofikiri wakati huo. Aliiacha, akaenda kubisha hodi chuoni.

Chuo cha Erlangen hakikuwasajili wanawake. Kilichowezekana ni kuketi nyuma ya darasa na kusikiliza, tena kwa hisani ya kila mhadhiri aliyehusika. Katika wanafunzi 986, wanawake walikuwa wawili tu. Alisikiliza hivyo kwa miaka kadhaa, akakalia mtihani wa kufuzu mjini Nuremberg mnamo 1903, na sheria ilipolegezwa mwaka wa 1904 akasajiliwa rasmi. Kufikia Desemba 1907 alikuwa amepata shahada ya uzamifu chini ya Paul Gordan. Tasnifu yake ilikuwa na orodha ya fomula 331, zote zilizopatikana kwa kukokotoa kwa mkono ukurasa baada ya ukurasa. Baadaye aliidharau mno kazi hiyo, hata akaiita samadi. Wasomi wachache huzungumza hivyo kuhusu tasnifu zao, na wachache zaidi huwa wamekosea.

Miaka hiyo Wajerumani walikuwa wamekita mizizi Kitui. Wamisionari wa Kilutheri, wa kwanza wao wakitoka Bavaria, jimbo lile lile la akina Noether, walijenga vituo Ikutha na Mulango. Vita vilipozuka mnamo 1914, Waingereza waliwaondoa, na vituo vyao vikaangukia mikononi mwa Africa Inland Mission. Leo jina la Mulango hubebwa na shule ya upili ya wasichana.

Ni katika kipindi cha vita hivyo, mwaka wa 1915, ambapo David Hilbert na Felix Klein, vigogo wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Göttingen, walimwita Noether akajiunge nao. Kufikia hapo alikuwa amefunza Erlangen kwa miaka saba bila kulipwa hata senti moja, mara nyingi akichukua nafasi ya babake aliyekuwa akiugua. Göttingen nako, maprofesa wa falsafa na historia walipinga asipewe idhini ya kuhadhiri. Wanajeshi wetu watasemaje, waliuliza, watakaporudi kutoka vitani na kujikuta wakifunzwa na mwanamke? Inasimuliwa kwamba Hilbert aliwajibu kuwa haoni jinsia inahusiana vipi na suala hilo, kwani baraza la chuo si bafu la kuogea.

Jibu hilo huwafurahisha watu hadi leo. Halikumsaidia sana aliyehusika. Kwa miaka minne mihadhara yake ilitangazwa kwa jina la Hilbert, yeye akitajwa kama msaidizi tu, na mshahara haukuwepo. Mnamo Julai 1918 matokeo yake makubwa ya kwanza yaliwasilishwa mbele ya chama cha wanasayansi cha Göttingen. Aliyeyawasilisha ni Klein, kwani Noether hakuwa mwanachama.

Tutue kidogo kwenye matokeo hayo, maana wanafizikia huyategemea hadi sasa. Wengi wetu tumewaona wachezaji wa ngoma za Kikamba wakiruka na kupinduka hewani kwa sarakasi. Mchezaji anayeruka akiwa amejinyoosha hupinduka polepole. Akijikunja, magoti yakikaribia kifua, huzunguka kwa kasi zaidi, ingawa hakuna aliyemsukuma tena akiwa angani. Kuna kitu, tukiite kiasi cha mzunguko, ambacho hakiongezeki wala hakipungui: mwili ukijikusanya, kasi hupanda ili kiasi kibaki kile kile. Wanasayansi walilijua hilo zamani. Walijua pia kwamba nishati haipotei bali hubadilika sura. Walichokosa ni sababu.

Noether alionyesha sababu. Sheria za maumbile hazijali umeelekea wapi. Ngoma ichezwe ukitazama Mashariki au Kaskazini, ni zile zile. Kutokana na kutojali huko, alithibitisha, ni lazima kiasi cha mzunguko kidumu. Sheria hizo pia hazibadiliki kati ya jana na leo, na kutokana na hilo ni lazima nishati idumu. Kwa jumla, kila palipo na ulinganifu wa aina hii, pana kitu kisichopotea. Mama anayesuka kiondo huko Kitui anaufahamu ulinganifu kwa macho: ukikizungusha kiondo chenye nakshi zilizopangwa sawasawa, nakshi hurudi pale pale kana kwamba hukukigusa. Noether alitoka kwenye ulinganifu wa namna hiyo akafika kwenye kanuni kuu za fizikia, kwa hesabu tupu.

Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe hakulishughulikia sana jambo hilo tena. Mapenzi yake yalikuwa aljebra.

Hapa nakuomba msomaji univumilie, kwani ndipo penye kiini cha mambo. Tuseme mfanyabiashara wa soko la Kalundu, mjini Kitui, anauza ndengu kwa mizani ya sahani mbili. Ana mawe ya mizani ya kilo 12 pekee, mengi kadiri atakavyo. Anaweza kupima kilo 12, 24, 36 na kuendelea, yaani vigawe vya 12 tu. Mnunulie mawe ya kilo 18. Sasa akiweka la 18 upande mmoja na la 12 upande wa ndengu, amepima kilo 6, na kwa njia hiyo kigawe chochote cha 6 kinawezekana. Mwongezee mawe ya kilo 10: mawili ya kilo sita sita (ambazo tayari anajua kuzipata) dhidi ya la 10 yanampa kilo 2, na kila nambari shufwa inapatikana. Mwongezee la kilo 15, na kilo 1 inapatikana, kwani 15 ukitoa 14 hubaki 1. Tangu hapo anaweza kupima kilo zozote kamili. Hata ukimletea mawe ya namna nyingine kwa lori, hakuna utakachomwongezea.

Tumepanda ngazi: kutoka vigawe vya 12, hadi vya 6, hadi vya 2, hadi nambari zote. Kila hatua ilipanua uwezo wa muuzaji. Lakini ngazi ilifika mwisho, na ingefika mwisho hata tungeanza na mawe ya kilo milioni moja. Kama matuta ya shamba katika vilima vya Mbooni, huwezi kupanda milele, kilele kipo.

Wanahisabati wa kabla yake walijua kwamba nambari za kawaida zina tabia hii. Walijua pia kwamba mikusanyiko fulani ya milinganyo inayo, na kwa kila aina walikuwa na uthibitisho wake, mrefu na mzito, uliojaa makokotoo kama ile tasnifu ya fomula 331. Mnamo 1921, katika makala kuhusu kile ambacho wataalamu hukiita ringi, yaani mkusanyiko wowote ambamo unaweza kujumlisha, kutoa na kuzidisha bila kutoka nje yake, Noether aligeuza mambo juu chini. Hakuuliza vitu vilivyomo ni nambari, ni milinganyo au ni nini. Alisema: tuchukue tu kwamba ngazi huisha, kisha tuone kinachofuata. Kilichofuata ni mengi. Kwa mfano, kama vile kila nambari inavyovunjika kuwa nambari tasa, ndivyo vitu vya mikusanyiko hiyo vinavyovunjika kuwa vipande vya msingi. Uthibitisho mmoja mfupi ukachukua mahali pa dazeni ndefu.

Huo ndio mtindo uliobadilisha aljebra. Kabla yake ilikuwa ustadi wa kutafuta x. Baada yake ikawa elimu ya maumbo ya hesabu yenyewe: ni kitu gani mambo mawili yasiyofanana yanashiriki, hata jibu la moja liwe jibu la jingine? Aljebra ya aina hiyo ndiyo hutumika leo katika msimbo wa vijisanduku vyeusi na vyeupe unaosomwa kwa simu madukani, ambao husomeka hata sehemu yake ikichafuka. Si yeye aliyeuvumbua. Ila waliouvumbua walizungumza lugha aliyosaidia kuitunga.

Mnamo 1919, baada ya utawala wa kifalme kuanguka Ujerumani, aliruhusiwa kuhadhiri kwa jina lake. Mwaka wa 1922 alipewa cheo cha profesa, lakini cha heshima tu. Malipo ya kwanza, na madogo, yalikuja 1923, akiwa na umri wa miaka 41. Hakulalamika sana, kwa kadiri rafiki zake walivyosimulia. Alivaa alivyopata, alizungumza kwa sauti kubwa na kwa kasi, na wanafunzi wake walimfuata matembezini wakijadiliana naye hata mvua iwanyee. Mwenzake Hermann Weyl alikiri baadaye kuwa aliona haya kushikilia wadhifa mkubwa kuliko wake, ilhali alijua Noether alimzidi kwa mengi.

Aligawa fikra kama mtu agawaye maembe msimu wa mavuno. Mwanafunzi kutoka Uholanzi, Bartel van der Waerden, alifika Göttingen mwaka wa 1924, akamsikiliza, na mnamo 1930 na 1931 akachapisha majuzuu mawili yaitwayo Moderne Algebra. Alitaja waziwazi kwamba yalitokana na mihadhara ya Noether na ya Emil Artin. Ni kitabu hicho kilichoieneza aljebra mpya duniani, na jina lililo kwenye jalada ni la van der Waerden. Sisi tunaokalia meza za uhariri hatushangai. Sentensi bora gazetini si lazima iwe ya yule ambaye jina lake limechapishwa juu yake.

Mwaka wa 1932 ulikuwa wa neema. Alipata tuzo ya Ackermann-Teubner pamoja na Artin, na katika kongamano la dunia la wanahisabati mjini Zürich akawa mwanamke wa kwanza kutoa mhadhara mbele ya kikao kizima. Miezi michache baadaye Adolf Hitler alishika hatamu. Mnamo Aprili 1933 sheria ya kuwaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma ilipitishwa, na Noether akawa miongoni mwa wa kwanza kusimamishwa Göttingen. Aliendelea kuwakaribisha wanafunzi nyumbani kwake, na inasimuliwa kuwa mmoja alihudhuria akiwa amevalia sare za wanamgambo wa chama cha Nazi. Mwalimu aliendelea kufunza.

Mwisho wa mwaka huo alihamia Marekani, katika Chuo cha Bryn Mawr, Pennsylvania, ambacho ni cha wanawake. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na wenzake wanawake katika kazi yake, na kila wiki alisafiri Princeton kuhadhiri. Nduguye Fritz, naye mwanahisabati, alikimbilia Muungano wa Kisovieti. Huko alikamatwa mnamo 1937 na kuuawa 1941. Emmy hakuishi kuyaona hayo. Aprili 1935 alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, na siku nne baadaye, Aprili 14, akafariki. Alikuwa na miaka 53. Albert Einstein alimwandikia gazeti la New York Times barua ya kumsifu, na majivu yake yalizikwa chini ya ujia unaozunguka maktaba ya Bryn Mawr.

Je, duara na mbuzi wa Ukambani walitoka wapi? Seti zenyewe zilibuniwa na Mjerumani mwingine, Georg Cantor, kabla Noether hajazaliwa. Lakini wazo la kwamba hisabati yote ifunzwe kwa misingi ya seti na maumbo ya hesabu lilitokana na ile aljebra ya Göttingen. Kundi la Wafaransa lililojiita Bourbaki lilikichukua kitabu cha van der Waerden kama kielelezo, likataka kuiandika upya hisabati nzima kwa mtindo huo. Warusi waliporusha Sputnik mwaka wa 1957, Wamarekani waliingiwa na hofu, wakaamua kwamba watoto wao wafunzwe hisabati ya kisasa upesi. Na mnamo 1962 wataalamu wa Marekani, Uingereza na Afrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya aina hiyo kwa shule za bara hili. Mmoja wa waliojiunga na mpango huo wa Entebbe ni Grace Alele-Williams, Mnigeria ambaye mwaka wa 1985 alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza chuo kikuu nchini mwake. Vitabu vya Entebbe, na vya Afrika Mashariki vilivyofuata, viliingia shule za Kenya.

Nilikuwa katika shule ya msingi huko Makueni hesabu hizo zilipokuwa zikielekea ukingoni. Tulichora maduara hadi madaftari yakajaa. Mwalimu wetu, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, hakutuambia seti ni za nini, nami naamini ni kwa kuwa yeye pia hakuambiwa. Nyumbani wazazi walitutuma dukani, tukarudi na chenji pungufu, wakauliza tunafunzwa nini huko. Kote nchini manung'uniko yalikuwa hayo: walimu hawakuandaliwa vya kutosha, msamiati ulikuwa mgeni, na watoto hawakujua kuzidisha. Mnamo 1981 serikali ya Rais Daniel arap Moi ikaziondoa hesabu za kisasa shuleni. Maduara yalifutwa ubaoni. Miaka minne baadaye ukaja mfumo wa 8-4-4.

Sidhani Noether angewalaumu walioziondoa. Yeye alianza na makokotoo 331 ya mkono, akayachoka, ndipo akatafuta kinachoyaunganisha. Watoto wa Kitui na Makueni walipewa kiunganishi kabla ya kupewa vitu vya kuunganishwa. Ni kama kumwonyesha mtoto kilele cha kilima akiwa ndani ya ukungu na kumwambia asifie mandhari. Angepewa kwanza mizani na mawe, pengine angefika.

Leo katika chuo kikuu chochote chenye idara ya hisabati, kikiwemo kile cha South Eastern Kenya kilichoko Kwa Vonza, kaunti ya Kitui, mwanafunzi wa aljebra atakutana na ringi ambazo ngazi zake huisha. Huitwa ringi za Noether. Vitabu vingi huandika jina hilo kama kivumishi, tena kwa herufi ndogo, na wapo wanaofuzu kwa alama nzuri bila kujua kwamba lilikuwa jina la mtu, au kwamba mtu huyo alikuwa mwanamke.